Fundi, Nivae Nini Jua Hili?

Barua za mwezi huu zimefika na vumbi lake. Tangu Krismasi ipite, Kisumu haijapata mvua ya kueleweka, na ifikapo saa sita mchana lami ya mbele ya soko la Kibuye huwezi kuikanyaga kwa mguu mtupu. Kibandani kwangu, ninaposhona viatu, wanaume huketi kwenye benchi, huvua kiatu, halafu huvuta pumzi kama mtu aliyetua gunia. Nimekuwa nikiisikia pumzi hiyo tangu mwaka 1989 nilipohamia hapa kutoka Nakuru, na bado inaniuma, kwa sababu mara nyingi kiatu kilichomtesa mtu huyo alikinunua mwenyewe, kwa pesa yake nzuri, bila mtu wa kumwambia aangalie wapi. Ndiyo maana mwezi huu nimeziweka kando barua za kushona mikoba na mishipi. Tuzungumze viatu vya wanaume na jua.

*

*Fundi, salamu kutoka Ahero. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Naingia shuleni saa moja asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Mwalimu mkuu hataki sandali wala raba. Nina jozi moja ya viatu vyeusi vinavyong'aa, nilivinunua vipya Septemba. Ikifika saa sita miguu inawaka, na jioni soksi naweza kuzikamua. Nina shilingi elfu tatu. Ninunue kiatu gani?*
*– Mwalimu, Ahero*

Mwalimu wangu, kabla hujatoa hiyo elfu tatu, leo jioni chukua hicho kiatu chako cheusi utie mkono ndani. Usiishie kisiginoni. Upeleke hadi kule mbele vidole vya mguu vinakolala, upapase juu, ubavuni na chini. Ukihisi utelezi wa kitambaa cha meza cha plastiki, umempata adui yako.

Marehemu baba yangu alikuwa mshona viatu mtaa wa Bondeni, Nakuru. Nilipokuwa kijana wa miaka kumi na mitatu alinifunga macho kwa kipande cha leso ya mama, akaniwekea viatu vitatu mapajani, akaniuliza: kipi kitamchoma mtu? Nilianza kupapasa ngozi ya nje. Akanipiga kofi dogo la mkono. Alitaka niguse bitana, lile tabaka la ndani linalogusana na mguu. Mwaka mzima alinifanyia hivyo, na mpaka leo sijui kukipokea kiatu cha mteja bila vidole vyangu kuingia ndani kwanza.

Sababu yake ni jasho. Miguu miwili ya binadamu ina tezi za jasho zipatazo 250,000, nazo hazipumzishwi na kengele ya shule. Bitana ya ngozi hunywa jasho hilo mchana, na usiku ukivua hulitoa polepole. Bitana ya plastiki hainywi kitu. Jasho hubaki kwenye soksi, soksi hulowa, unyayo hulainika na kuanza kusuguana na kiatu, na hapo ndipo moto unapowaka. Hata ile harufu haitoki kwenye jasho lenyewe. Huletwa na vijidudu vinavyokula kwenye unyevu usiokauka.

Sasa sikiliza hila ya wenye viwanda, maana imewaponza wengi. Kiatu unaweza kukikuta kina ngozi halisi nje, na ukichungulia ndani unaona ngozi safi pale kisiginoni. Unaridhika. Lakini kule mbele, ambako jicho halifiki, wamebandika kitambaa cha plastiki kwa sababu ni rahisi. Jicho litakwambia kiatu kizima ni ngozi. Mkono hautakwambia hivyo.

Kuhusu nje: ule mng'ao wa kioo unaoupenda mara nyingi ni rangi nzito iliyofunika ngozi hadi vinyweleo vikazibwa. Tafuta ngozi isiyong'aa sana dukani. Mng'ao utaupata kwa brashi na kiwi. Ukikibonyeza kwa kidole gumba, ngozi halisi hutoa mikunjo midogo midogo isiyolingana, kama ngozi ya mkono wako mwenyewe, nayo ya bandia hubonyea tu kama mpira na kurudi. Tazama pia pale ngozi ilipokatwa, labda chini ya ulimi wa kiatu: ngozi ina nyuzinyuzi, ya bandia ina kitambaa kilichopakwa rangi. Usikubali muuzaji akuwashie kiberiti kukuthibitishia. Mimi nimeona viatu vizuri vikiharibiwa hivyo, na mnunuzi akaondoka bila hata kununua.

Chukua kiatu cha kamba. Miguu huvimba mchana, nayo ya mtu anayesimama ubaoni huvimba zaidi. Kiatu cha kuchomeka kikikutosha asubuhi kitakubana saa nane. Kikikutosha saa nane, asubuhi kitakuponyoka. Na katika vya kamba, chagua kile ambacho mbavu zake mbili zimeshonwa juu ya kiatu, zinafunguka kama shati lililofunguliwa vifungo. Kile kingine ambacho mbavu zimefungwa pamoja upande wa chini ni cha heshima zaidi, lakini hakiwezi kulegea mguu unapoongezeka. Vile vitundu vya urembo usoni pa kiatu visikudanganye kwamba vinaingiza hewa. Vingi havifiki ndani, nyuma yake kuna bitana.

Soli ya ngozi ni baridi na tamu, ila Ahero mvua ikirudi mwezi wa Machi na ule udongo mweusi wa Kano ukaanza kushika, itakunywa maji mpaka ivimbe. Kwako wewe nasema soli ya nje iwe mpira, isiwe nene kupita kiasi, na ile soli ya ndani unyayo unapolala iwe ngozi.

Nenda kununua jioni, ukiwa na soksi zako za kazi. Kabla ya hapo simama juu ya karatasi, kisigino kikiguswa na ukuta, upime hadi kwenye kidole kirefu zaidi, miguu yote miwili, kwa sababu hailingani. Chukua mkubwa. Nambari za Ulaya nitakupa hesabu yake, wewe ni mwalimu: urefu wa mguu kwa sentimita, jumlisha 1.5, kisha zidisha mara 1.5. Mguu wa sentimita 26.5 unakupa 28, ukizidisha unapata 42. Nambari za Uingereza hupanda kwa theluthi ya inchi, na hiyo 42 huangukia kwenye 8. Hesabu hiyo itakufikisha mlangoni tu, maana kila kiwanda kina kalibu yake, lile umbo la mguu wanaloshonea kiatu. Ukishavaa na kusimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Na elfu tatu yako usiinunulie jozi moja mpya. Njoo Kibuye Jumapili asubuhi, soko linapojaa, utafute jozi mbili za mtumba zenye bitana ya ngozi. Kiatu kilicholowa jasho siku nzima hakikauki usiku mmoja. Leo vaa hiki, kesho kile. Unachopumzisha kitoe soli ya ndani kama inatoka, kijaze gazeti, ukiweke kivulini penye upepo. Kisianikwe juani wala kando ya jiko, kwa sababu ngozi itakakamaa na gundi itaachia. Soksi za nailoni achana nazo kabisa. Za pamba zinafaa ukibeba jozi ya pili kwenye mkoba na kubadilisha saa saba, maana pamba ikishalowa hukaa imelowa. Ukipata soksi nyembamba zenye mchanganyiko wa sufu, usiogope jina la sufu. Hutoa jasho nje kuliko pamba.

Jambo moja la kukusaidia sokoni. Viatu vingi vilivyotoka Ulaya vina kibandiko kidogo ndani au chini ya soli chenye michoro, kwa sheria waliyoipitisha huko mwaka 1994. Mchoro wa kiatu unaonyesha sehemu inayosemwa: ya juu, ya ndani, au soli. Kando yake kuna alama. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa maana yake ni ngozi. Umbo hilohilo lenye msambamba katikati, yaani umbo la almasi, ni ngozi iliyopakwa tabaka zito. Wavu wa nyuzi ni kitambaa. Msambamba peke yake ni vitu vingine, na hapo mara nyingi ni plastiki au mpira. Tafuta mchoro wa sehemu ya ndani na usome alama yake. Kama kibandiko kimebanduka, mkono wako bado uko.

*

*Assalaam aleikum Fundi. Hapa Mumias tunavaa sana viatu vya mtumba. Kuna kijana ameniambia bitana za viatu vingi vya Ulaya ni ngozi ya nguruwe. Ni kweli? Nitaitambuaje bila kuuliza muuzaji?*
*– Mzee wa Mumias*

Wa aleikum salaam, mzee wangu. Vingi sijui nitavihesabuje, ila ni kweli ipo, na imetumika bitana kwa miaka mingi kwa sababu ni nyembamba na hupitisha hewa. Hicho kibandiko nilichomweleza mwalimu hakitakusaidia hapa, kwa sababu kinasema ngozi tu, hakitaji mnyama.

Peleka kiatu kwenye mwanga wa jua, uinamishe bitana hadi uone vitundu vya vinyweleo. Kwenye ngozi ya nguruwe vitundu hivyo hukaa vitatu vitatu, kama mafiga, kundi hapa na kundi pale, na kwa kawaida hutokeza hadi upande wa pili wa ngozi. Ngozi ya ng'ombe ina vitundu vidogo sana vilivyosambaa sawasawa, bila makundi. Ya mbuzi vitundu vyake hujipanga kwa safu. Ukiwa na lenzi ya kusomea gazeti, ibebe. Ila ujue pia wapo wanaochapa alama za bandia juu ya ngozi, kwa hiyo tazama upande wa nyuma pale bitana inapoishia, karibu na ulimi.

Suala la hukumu ya kuvaa nakuachia na imamu wako, hapo si mahali pangu. Lakini ukishakuwa na kiatu kizuri chenye bitana hiyo na moyo wako haukitaki, usikitupe. Mletee fundi aing'oe aweke bitana ya mbuzi. Nimeifanya kazi hiyo mara nyingi, kwa Waislamu na kwa Wasabato pia, na kiatu hurudi kuwa kizuri tu.

*

*Fundi, mimi ni wa bodaboda, steji ya Kondele. Nimejaribu gambuti, miguu ikapikika. Sasa naendesha na malapa. Wenzangu wananiambia ni hatari lakini jua hili hata wao wanavaa. Kuna kiatu chepesi?*
*– Nduguyo, Kondele*

Ndugu yangu, kivue hicho kilapa leo. Nimeshona viatu vya watu wa bodaboda miaka mingi, na nimeona miguu yao pia: kovu la kuchomwa na ekzosi upande wa ndani wa mguu, ukucha uliong'oka, kisigino kilichokwanguliwa na lami kwa kuteleza polepole tu, wala si ajali kubwa. Kilapa kikinasa kwenye pedali ya breki una sekunde moja, na haikutoshi.

Gambuti ni la mvua, ulikosea msimu tu. Tafuta buti fupi la suedi au ngozi laini linalofika juu ya kifundo, lisilo na bitana nzito. Safari Boot ya Bata, ile wanayoitengeneza Limuru, ni ya namna hiyo: ngozi, soli ya mpira, kamba chache, uzito mdogo. Ya mtumba ya aina hiyo pia utaipata. Rangi ya mchanga au kahawia nyepesi, kwa sababu nyeusi hunyonya joto na wewe huna kivuli. Kamba zifunge fupi, ncha uzisokote ndani, zisije zikashikwa na gia. Halafu niletee nikushonee kiraka cha ngozi juu ya kiatu cha kushoto, pale gia inaposugua. Bila kiraka hicho kiatu cha kushoto hufa miezi mingi kabla ya cha kulia, na sijaona duka linalouza mguu mmoja.

*

*Mzee Fundi, hujambo? Nina mokasini nilizozivaa kwenye harusi yangu mwaka 2018. Zilikuwa ghali. Nilizifunga ndani ya boksi, sikuzivaa tena. Mwezi uliopita nilizitoa niende harusi ya ndugu yangu Kisumu. Kabla hatujafika kanisani soli zilikuwa zinamomonyoka kama keki, nikaacha nyayo nyeusi sakafuni. Je, niliuziwa feki?*
*– Kijana wa Milimani, Nakuru*

Sijambo mwanangu. Pole kwa aibu hiyo. Hukuuziwa feki. Tena inawezekana kabisa kiatu kilikuwa cha bei kwa sababu ya soli hiyohiyo.

Soli nyepesi, laini, inayodunda, mara nyingi hutengenezwa kwa kitu kinachoitwa poliyurethani. Ni tamu mguuni. Ila unyevu wa hewa huivunja kidogo kidogo kutoka ndani, na joto huharakisha kazi hiyo. Baada ya miaka kadhaa, hata kama hujakanyaga nayo, inakuwa kama mkate uliokauka. Boksi ulilodhani linakilinda kiatu ndilo lililoifungia ile hewa yenye unyevu humo ndani. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kiatu cha namna hii kinachovaliwa mara kwa mara huishi kuliko kinachohifadhiwa, lakini nimeliona hilo miaka na miaka. Viatu vya harusi, viatu vya mahafali, viatu vilivyoletwa na shemeji kutoka Marekani vikasubiri siku kubwa. Mwaka jana baba mmoja kutoka Siaya alinijia siku ya mazishi ya mama yake, saa mbili asubuhi, ameshika soli mkononi. Nilimpa viatu vyangu nilivyokuwa nimevaa akaenda navyo. Hakuna gundi duniani ya kubandika unga.

Kwa hiyo unaponunua mtumba, na nasema hili kwa kila anayesoma, usikubali soli nene laini bila kuijaribu. Bonyeza ukucha ubavuni mwa soli. Ikibaki na alama, ikinata, au ikitoa vumbi, irudishe. Kisha kikunje kiatu pale vidole vinapokunjika, utazame kama kuna nyufa nyembamba kama za kitako cha chungu. Soli ya mpira halisi haina ugonjwa huu. Ile ya povu jepesi la raba za kukimbilia nayo haimomonyoki hivi. Huchoka kwa kubonyea ikabaki bapa.

Mokasini zako usizitupe kama ngozi ya juu ni nzima. Kwangua soli yote, usibakize hata punje, halafu mwambie fundi akushonee soli ya mpira. Ashone, asibandike tu. Na kwa sababu umegusia harusi: vijana mnaniuliza sana kama mokasini zinavaliwa bila soksi kama picha zinavyoonyesha. Mguu mtupu ndani ya kiatu wakati wa jua ni jasho lote kwenye bitana, na bitana haifuliwi. Vaa zile soksi fupi zinazojificha chini ya mdomo wa kiatu. Picha itakuwa ileile.

Kuna vile viatu vya kitani vyenye soli ya kamba ya juti, vinavyopendwa sana Ulaya wakati wa kiangazi chao, mwezi wa Juni hadi Agosti, sisi tukiwa kwenye masweta. Ni vyepesi kweli. Lakini jua letu la Januari na Februari haliji peke yake pwani ya ziwa. Mchana ni mkavu, lakini kuna jioni wingu hutanda ghafla na dakika ishirini baadaye mitaro imejaa. Juti ikilowa huvimba na kuoza. Vya ukumbini sawa. Vya kutembelea Kisumu, hapana.

*

*Fundi, nimeona viatu vya ngozi ya mbuta vinauzwa hapa mjini. Vitanuka? Vinafaa jua?*
*– Mpenda vipya, Dunga*

Havinuki. Kinachonuka kwenye samaki ni mafuta na nyama, na ngozi iliyosindikwa vizuri imeondolewa vyote viwili. Ukinusa ukapata samaki, mtengenezaji ameharakisha, usinunue. Mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na kitu, na kwa muda mrefu tulichukua minofu yake ngozi tukaitupa, kwa hiyo mimi nafurahi sana kuona vijana wa hapa Kisumu wanaisindika. Ni nyembamba na ina nguvu, kwa sababu nyuzi zake zimepishana kama mkeka, na vile vifuko vya magamba hutoa urembo ambao hakuna mashine inayoweza kuuiga sawasawa. Kwa jua inafaa. Ila swali langu ni lilelile: ndani wameweka nini? Nimeshika jozi nzuri ajabu ya mbuta iliyokuwa na bitana ya plastiki, nikasikitika kama nimeona nyumba ya mawe iliyoezekwa nailoni.

*

*Baba Fundi, nakusalimu kwa heshima. Baba yangu ana miaka 67 na ana kisukari mwaka wa kumi na moja huu. Analalamika viatu vinamchoma, anataka nimnunulie sandali za akala kama alizovaa ujanani, anasema zina hewa. Mama anakubali. Mimi naogopa lakini sijui kwa nini. Nimnunulie?*
*– Binti yake, Kakamega*

Binti yangu, usimnunulie. Na hofu yako iheshimu.

Mimi naipenda akala. Nimezikata mwenyewe kutoka kwenye tairi, na kwa mtu mwenye miguu mizima sijui sandali inayodumu kuliko hiyo. Lakini kisukari cha miaka mingi kinaweza kuua mishipa ya fahamu ya miguu. Mtu anaweza kusema miguu inawaka, na kuwaka huko kusiwe kwa kiatu wala kwa jua, kukawa ni ile mishipa yenyewe inalia. Na mguu huohuo unaowaka unaweza kukanyaga msumari usijue.

Kaka yangu mkubwa alikuwa Muhoroni, kwenye mashamba ya miwa. Naye alikuwa na kisukari, naye aliniambia viatu vinamchoma, naye aliniomba akala. Nilimtengenezea kwa mikono yangu, kwa mapenzi, gidamu nikaziweka pana zisimkate. Februari ile alitembea kutoka barabara kuu hadi nyumbani mchana, tairi jeusi limepata moto, na kando ya soli kipande cha waya wa tairi kilikuwa kimejitokeza. Hakuhisi joto, hakuhisi waya. Shemeji aliona damu kwenye mkeka usiku. Alikatwa vidole viwili. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi sijakata tena akala kwa mtu yeyote kabla sijamuuliza kuhusu sukari.

Kwanza kabisa mpeleke kliniki anakochukulia dawa, useme waziwazi: nataka miguu yake ikaguliwe kama bado inahisi. Si kila mara wanavua viatu vya mgonjwa wasipoombwa. Waambie pia kuhusu kuwaka huko.

Kisha kiatu. Kiwe kimefunika vidole, na mbele kiwe kipana na kirefu kwenda juu, vidole visiguswe. Kifungwe kwa kamba au kwa ule mkanda wa kunata, ili ukilegeze jioni. Ngozi iwe laini, bitana ya ngozi, na safari hii mkono wako uingie ndani kutafuta kitu kingine: mshono. Ukihisi ukingo wa uzi, fundo, mkunjo wowote, mrudishie muuzaji. Kwako na kwangu mkunjo ni usumbufu. Kwa baba yako ni kidonda. Soli iwe nene kiasi cha kuzuia mwiba lakini isiwe ngumu. Soksi nyeupe, zisizobana juu, kwa sababu kwenye nyeupe damu huonekana.

Siku ya kwanza avae saa moja tu, avue, mtazame kama kuna mahali pekundu. Kesho yake saa mbili. Kila asubuhi kabla hajavaa, kiatu kigeuzwe na kukung'utwa, mtu atie mkono ndani. Jiwe dogo kama punje ya mtama linatosha kuleta msiba. Kila jioni mtu atazame nyayo zake na katikati ya vidole, na kama macho ya baba hayafiki chini, awe mama au wewe. Asitembee peku, hata ndani ya nyumba, hata kwenda bafuni. Miguu ikiwaka asiitie kwenye maji ya moto wala barafu, maana hatajua imeungua. Mkiona kidonda, hata kidogo kisichouma, na hasa kisichouma, ni hospitali siku hiyohiyo.

Najua atakasirika. Wazee wetu akala ni ujana wao, na kumnyima ni kama kumwambia amezeeka. Usibishane naye kuhusu sandali. Mwambie kuna fundi wa Kisumu anataka kumshonea kiatu chake mwenyewe, cha ngozi ya mbuzi ndani, chenye nafasi ya hewa mbele ya vidole. Asimame kwenye karatasi jioni, baada ya kutembea kidogo, akiwa na soksi. Wewe uchore miguu yote miwili, penseli ikiwa wima, isiingie chini ya unyayo. Andika pembeni ni upi unaovimba zaidi. Nitumie karatasi hiyo kupitia kwa mhariri, nami nitaanza na huo.